Stensili za ndege za kivita: maana yake, na namna ya kuzitafuta kabla ya kuzibandika kwenye modeli

Ukisimama Mokowe ukingoja boti ya kuvukia Lamu, utapata muda wa kutosha wa kulisoma lori. Juu ya gurudumu pameandikwa kiasi cha upepo wa tairi. Kwenye tangi pameandikwa dizeli. Mlangoni pana uzito wa gari likiwa tupu, na nyuma kuna kibandiko cha mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Hakuna hata kimoja kilichowekwa kwa ajili ya urembo. Kila andiko lina mtu wake: mjaza upepo, mjaza mafuta, askari wa barabarani. Ndege ya kivita nayo imejaa maandishi ya namna hiyo, na ndiyo yanayoitwa stensili. Sisi tunaounda modeli, yaani ndege ndogo za mfano, huyabandika nayo.

Neno lenyewe si geni. Waliosoma zamani wanakumbuka walimu wakikata stensili kwa taipu, mtihani ukachapwa kwenye mashine ya kurudufu. Bandarini nako alama za shehena zilipigwa kwenye magunia na makasha kwa bati lililotobolewa herufi, rangi ikapita kwenye matundu. Kiwandani ndege iliandikwa kwa njia hiyo hiyo, na jina la kifaa likahamia kwenye maandishi. Kwa hiyo tunaposema stensili za ndege hatusemi duara la rangi za taifa, wala herufi za kikosi, wala picha aliyochora rubani puani mwa ndege yake. Tunasema maagizo madogo ya kazi: usikanyage hapa, inulia hapa, jaza mafuta ya aina hii, kata hapa umtoe rubani.

Mifano michache. Kwenye mabawa ya ndege za Marekani utakuta "NO STEP", yaani usikanyage, kwa kuwa bati la pale halihimili uzito wa mtu. Karibu na chumba cha rubani kuna pembetatu nyekundu, ncha ikitazama chini: onyo kwamba ndani mna kiti cha kumrusha rubani nje, chenye baruti, na mwokoaji asiguse ovyo. Mshale wa njano wenye neno "RESCUE" unamwonyesha huyo mwokoaji kishikio cha kufungulia kioo kwa nje. Kwenye Spitfire ya Uingereza kuna herufi ndogo "W/T" zilizotapakaa mwilini. Wengi hudhani zinaonyesha redio ilipo. Zinahusu redio kweli, lakini maana yake ni kwamba vipande vya chuma vya mahali hapo vimeunganishwa kwa umeme ili redio isisumbuliwe na mikwaruzo. Ndiyo maana ziko nyingi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Messerschmitt Bf 109 ya Ujerumani. Nyuma ya chumba cha rubani, upande wa kushoto, kuna mdomo wa kujazia mafuta, na kando yake pembetatu ndogo ya njano yenye aina ya petroli. Sasa chukua toleo la F-2 na la F-4. Ukiziweka mezani ni kama pacha. Lakini F-2 ilitumia injini ya DB 601N, iliyotaka petroli ya oktani 100 (oktani ni kipimo cha petroli kuhimili mgandamizo bila kujiwasha), iliyojulikana kwa jina la C3. F-4 ilikuwa na DB 601E, iliyotosheka na oktani 87. Fundi akiikosea pembetatu ile akajaza 87 mahali pa 100, anaiumiza injini na kumhatarisha rubani. Na wewe ukibandika 87 kwenye modeli ya F-2, umesema ndege ile ina injini nyingine. Niliwahi kufanya hivyo. Modeli ilikwisha kupakwa vanishi na dekali, yaani kile kibandiko chembamba cha maandishi, haikutoka tena. Tangu hapo sigusi karatasi ya dekali kabla ya kujua injini.

Mafundi wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi huko Lamu, wanalijua jambo hili kwa upande wao. Kijahazi cha mfano kinaweza kuchongwa kikang'aa, mgeni akakilipia bila kuuliza. Mpe nahodha: jicho lake halitakwenda kwenye nakshi, litakwenda kwenye henza, kamba ya kutwekea tanga, na foromali, mti unaolibeba tanga, maana kamba iliyofungwa pasipo pake ni chombo kisichoweza kutweka. Stensili ni henza ya ndege. Anayejua kazi huanzia hapo.

Basi uzitafuteje? Swali la kwanza lisiwe "Spitfire huandikwaje?" Liwe: ndege ipi hasa, ya nambari ipi, mwezi gani, kikosi gani. Ndege moja hubadilika nguo mara kadhaa maishani mwake. Picha ya ndege hiyo hiyo, yenye tarehe, ndiyo shahidi mkubwa. Baada yake huja miongozo rasmi ya jeshi. Jeshi la anga la Marekani lilikuwa na kitabu cha maagizo T.O. 1-1-4 kuhusu rangi na alama za nje, na jeshi la majini la nchi hiyo lina kiwango cha MIL-STD-2161. Miongozo hii hutaja mahali, ukubwa na rangi ya herufi. Ila mwongozo unasema kilichoamriwa, na picha inasema kilichofanywa. Vikigongana, mimi hufuata picha.

Ndege ya makumbusho naiweka chini ya hayo mawili. Imekwanguliwa na kupakwa upya, pengine zaidi ya mara moja, na aliyepaka huenda alikuwa na karatasi ile ile ya dekali uliyo nayo wewe. Itakufaa kwa kujua kifuniko kiko wapi na kina ukubwa gani. Maandishi yaliyo juu yake yahitaji shahidi mwingine. Karatasi inayokuja ndani ya kasha la modeli ni ya mwisho, kwani mara nyingi hujumlisha matoleo kadhaa na kukuachia wewe uchague.

Picha nazo zina mtego. Filamu nyingi za zamani za rangi nyeusi na nyeupe hazikuhisi wekundu, hivyo nyekundu hutoka nyeusi, na njano hutoka na giza kuliko ilivyo. Pembetatu unayoiona nyeusi huenda ni nyekundu. Linganisha na kitu unachokijua rangi yake kwenye picha hiyo hiyo, kama duara la taifa, ndipo uamue.

Kutokuwepo kwa maandishi nako ni ushahidi. Mapema Juni 1944, kabla ya majeshi ya Washirika kutua Normandy, pwani ya Ufaransa, ndege zao zilipakwa mistari mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, kwa haraka kubwa. Rangi ile ilipita juu ya chochote kilichokuwa chini yake. Modeli yenye mistari hiyo na stensili zote zikisomeka juu yake inahitaji picha ya kuitetea.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni fupi. Herufi ya inchi moja ni milimita 25.4. Kwenye modeli ya 1:72, yaani iliyopunguzwa mara 72, inakuwa milimita 0.35, kwenye 1:48 ni 0.53, na kwenye 1:32 ni 0.79. Hiyo ya kwanza haisomeki bila lenzi, lakini jicho linaona kama mstari upo, una urefu gani, na una rangi gani. Hayo matatu yatosha kuwa sahihi katika skeli hiyo.

Linabaki tatizo linalonirudia kila mara: picha ipo ya upande mmoja tu. Usigeuze upande ule kama kwenye kioo. Tafuta kwanza kitu chenyewe kiko wapi: mdomo wa tangi, kifuniko cha oksijeni, plagi ya umeme wa kuwashia. Kama mdomo wa tangi wa Bf 109 uko kushoto pekee, pembetatu ya kulia haina wa kumsemesha, na dekali yake hubaki kwenye karatasi.