Mwalimu husikia kwa sikio la kwao

Mimi ni mkufunzi wa walimu wa Kiswahili hapa Tanga, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa kwenye dawati la nyuma, fomu ya tathmini ikiwa mapajani, nikimtazama mwalimu tarajali akifundisha. Nikiwa pale nyuma nimefikia imani kwamba utambulisho wa mwalimu, yaani kabila lake, dini yake, lugha aliyoanza nayo na malezi aliyoyapata, hufanya kazi zaidi katika kusikia kwake kuliko katika kusema kwake. Anachokisikia kuwa kosa, anachokisikia kuwa adabu na anachokisikia kuwa akili ndicho kinachoamua nani atasoma kwa sauti na nani atanyamaza mpaka mwisho wa muhula.

Niliyajua haya kwa kumdhulumu mtoto wa mtu. Nilizaliwa Ngamiani, hapa mjini Tanga, nikasoma chuo, kama tunavyoiita madrasa huku kwetu, kabla sijaanza darasa la kwanza, na nilipopangiwa shule yangu ya mwanzo, sekondari iliyokuwa jirani na mashamba ya mkonge, nilikwenda nikiwa na uhakika kwamba Kiswahili ni mali yangu. Darasani mwangu alikuwamo msichana ambaye babu yake alikuja kutoka bara kufanya kazi mashambani. Alisema "samani" akikusudia thamani, akasema "zambi" badala ya dhambi, na "mahali" ikimtoka kinywani ikawa "mahari". Kila aliposoma nilimkatiza. Jirani yake alikuwa mvulana wa mjini mwenye matamshi yaliyonyooka, na bila kujiuliza nilimhesabu kuwa mwerevu kuliko wenzake na kumpa zamu ya kusoma karibu kila kipindi. Siku niliyokusanya insha, insha ya yule msichana ilikuwa na hoja zilizopangwa vizuri kuliko zote. Nilimwita pembeni nikamwuliza ni nani aliyemsaidia. Alijibu huku ametazama chini, "Nimeandika mwenyewe, mwalimu." Hakunyoosha mkono tena mbele yangu, na hadi leo naliona swali lile kuwa kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kuyatenda katika kazi hii.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea sikioni mwangu. Sauti th, dh na gh ziliingia katika Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu, na lugha nyingi za Kibantu za bara hazina sauti za th na dh. Mtoto wa pwani anayekwenda chuo huzizoea mapema mno, kwa sababu ustadhi humsimamia akitamka the, dhali na ghaini mpaka ulimi ukae mahali pake, na haendelei na aya inayofuata kabla ya kuitamka sawasawa ile aliyo nayo. Maana yake ni kwamba yule mvulana niliyemwona mwerevu alikuwa amekwisha pata mafunzo ya miaka kadhaa ya matamshi kutoka shule nyingine, mafunzo yale yale niliyoyapata mimi, na kwa kuwa tuliyapata sote wawili hatukuyaona kuwa ni mafunzo. Tuliyaona kuwa ndiyo lugha yenyewe. Msichana naye, ambaye lugha ya nyumbani kwao haitenganishi l na r, alikuwa anapimwa kwa somo ambalo hakuna aliyemfundisha.

Wala mimi sikuwa mwenye Kiswahili kwa kiwango nilichodhani. Bibi yangu alikuwa mtu wa Tongoni, na lahaja yake ilikuwa Kimtang'ata. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimtang'ata kikabaki kuwa lugha ya jikoni na ya ngalawani. Shuleni nilisahihishwa maneno ya bibi yangu, nikayaacha, kisha nikasahau kwamba niliwahi kuyaacha. Huenda ndiyo sababu nilikuwa mkali kiasi kile kwa wengine. Na Tanga hii hii ndiyo iliyomtoa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 katika ukoo wenye asili ya Kiyao, kabila la bara. Nilikuwa nikimtaja kila mwaka kwa fahari, lakini sikuwa nimeutazama ukoo wake kwa makini nilipokuwa namwuliza mjukuu wa manamba, yaani kibarua wa mashamba ya mkonge, nani amemwandikia insha.

Watoto wa namna yake hawajaja Tanga kwa bahati. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, ikasalimika 62 tu, na kutokana na hiyo yakatokea mashamba yaliyohitaji maelfu ya vibarua kutoka mbali. Ndiyo maana darasa moja la Muheza au Korogwe linaweza kuwa na Mbondei, Msambaa, Mzigua, Mdigo, Muha na Mmakonde, na wote wanaandika mtihani mmoja.

Mwanasosholojia wa Marekani Dan Lortie alikadiria mwaka 1975 kwamba mwanafunzi wa kwao anapomaliza sekondari amekwisha kaa mbele ya walimu kwa takriban saa 13,000, na kwamba huko ndiko anakojifunzia ualimu, kwa kutazama, kabla chuo cha ualimu hakijamfikia. Nikiwatazama walimu tarajali wangu naona ukweli wa jambo hili kila wiki. Aliyepitia madrasa kama mimi huelekea kuuheshimu ukimya: mwanafunzi husikiliza, hukariri, na swali huja baadaye, akipewa ruhusa. Kwake mtoto anayeuliza "kwa nini" kabla sentensi haijaisha anaonekana hakufunzwa nyumbani. Mwenzake aliyelelewa mahali ambapo watoto hujibizana na wakubwa katika utani husikia ukimya ule ule na kudhani kwamba darasa halijaelewa, akarudia somo mara tatu mbele ya watoto waliolielewa mara ya kwanza. Hakuna mvivu wala mbaya kati yao. Kila mmoja anaitafsiri adabu kwa kamusi ya nyumbani kwake.

Kwa hiyo, kabla hawajaenda shuleni kwa mafunzo ya vitendo, huwaomba waandike ukurasa mmoja: nani aliwafundisha kusoma, kwa lugha gani, na walipokosea walifanywa nini. Andalio la somo huja baadaye. Pia huwataka watembelee nyumba mbili za wanafunzi, nao wakae wasikilize. Wazo hilo nimeliazima kwa Luis Moll na wenzake, ambao mwaka 1992 waliandika jinsi walimu wa Tucson, Arizona, walivyozitembelea familia zenye asili ya Meksiko wakakuta maarifa ya kilimo, ujenzi, biashara na dawa za mitishamba ambayo darasa halikuwa limewahi kuyauliza. Huku kwetu aliyekwenda kwa wavuvi wa Mwarongo hurudi na hesabu za kujaa na kupwa kwa bahari, za bamvua na maji mafu, na aliyekwenda kambi ya mkonge hurudi na lugha nne katika ua mmoja.

Mwezi uliopita nilimtathmini kijana aliyetoka Bukoba, akifundisha sauti za Kiswahili kidato cha kwanza. Alisimama akawaambia wanafunzi waziwazi, "Lugha ya mama yangu haina dh. Nani atanionyesha ulimi unakaa wapi?" Mvulana mmoja aliyesoma madrasa akasimama kumwonyesha, mwalimu akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Kisha akauliza nani mwingine ambaye lugha ya kwao haina sauti hiyo, na mikono saba ikanyooka kutoka madawati ya nyuma, pembeni yangu. Wakaanza kujaribu pamoja naye, kwa sauti, bila aibu.

Fomu yangu ina kisanduku cha matamshi ya mwalimu, na kwa utaratibu wa zamani ningemkata alama pale. Nilikiacha wazi mpaka kipindi kilipokwisha, nikaenda nacho ofisini kwa mkuu wa idara yangu, na tumekubaliana kisanduku hicho kijadiliwe upya kabla ya kundi la mwaka ujao kwenda shuleni.