Uongozi wa ndala maana yake nini? Tumwangalie meya wa Naga, Ufilipino

Ukiwasikiliza Wafilipino wakiongelea viongozi wao utakutana na neno tsinelas, na tsinelas ni ndala tu, malapa, kandambili, vyovyote mnavyoziita kwenu. Wakisema fulani ana uongozi wa tsinelas wanamaanisha kiongozi anayefikika, anayeingia kwenye tope na watu wake bila kusubiri barabara ikauke. Neno lenyewe limeganda kwa mtu mmoja, Jesse Robredo, aliyekuwa meya wa mji wa Naga, na mimi naona wengi wanalielewa nusu kwa sababu wanaishia kuangalia miguu yake, wakati kazi kubwa aliifanya kwenye makaratasi ya ofisini.

Naga iko mkoa wa Bicol, kusini mwa kisiwa cha Luzon, na kila Septemba inajaa mahujaji wanaokuja kwa Bikira Maria wa Peñafrancia. Robredo alizaliwa hapo 1958, akaenda kusomea uhandisi chuo kikuu cha De La Salle kule Manila, akaajiriwa San Miguel, ile kampuni kubwa ya bia na vyakula, yaani maisha yalikuwa yameshamnyookea. Rais Marcos, yule dikteta, alipoangushwa 1986 akarudi nyumbani kusimamia mpango wa maendeleo wa bonde la mto Bicol, halafu 1988 akagombea umeya na akashinda kwa kura chache akiwa na miaka 29 tu.

Hapa lazima tuelewane, meya wa kule sio kama wa Tanzania anayechaguliwa na madiwani wenzake huku mkurugenzi ndiye ameshika mafaili na hela. Kule wananchi wanampigia kura wenyewe na ofisi ni yake, anaandaa bajeti, anateua watu, anasimamia kila kitu, kwa hiyo akiwa mbovu mji mzima unaumia. Muhula ni miaka 3, na mihula mitatu mfululizo ikiisha unapisha.

Mji aliokabidhiwa ulikuwa umechoka. Mapato yanashuka, katikati ya mji magari hayatembei, wacheza kamari wanajiachia watakavyo, na maelfu ya watu wamejenga vibanda kwenye viwanja visivyo vyao. Alianza na undugunaizesheni. Mambo ya kuajiriwa kwa kimemo akayakata, wafanyakazi wakapimwa uwezo na kila mtu akapelekwa kwenye kazi anayoiweza, na kwa siasa za Ufilipino ambako koo zinarithishana vyeo hilo ni jambo la kujitafutia maadui. Na aliwapata kweli, maana gavana wa jimbo, Luis Villafuerte, alikuwa ndugu yake na ndiye aliyemwinua kisiasa, wakaja kuachana, na 1992 ukoo huo ukasimamisha mgombea wao dhidi yake na bado Robredo akashinda. Kamari akaifukuza, stendi ya mabasi akaitoa katikati ya mji akaipeleka pembeni, foleni ikapungua na kule pembeni biashara mpya zikaanza kuchipuka.

Kwa watu wa vibanda ndio pananigusa zaidi. Kwingi ukisikia "wavamizi" unajua tingatinga linakuja. Naga 1989 wakaanzisha mpango unaoitwa Kaantabay sa Kauswagan, ambapo mji, mwenye kiwanja na wale wakazi wanakaa meza moja mpaka waelewane, mara kiwanja kinanunuliwa, mara kinabadilishwa na kingine, mara kinagawanywa mwenye nacho abaki na upande wake, na mkazi analipa kidogo kidogo mpaka panakuwa pake. Hakupewa bure, na nadhani hiyo ndiyo heshima yenyewe, mtu anaingia kwenye mazungumzo kama mnunuzi.

Halafu 1995 ikaja sheria ndogo ya mji ambayo kwangu ndiyo moyo wa uongozi wa ndala. Vyama vya wananchi, wakulima, wanawake, madereva, maskini wa mjini, vikaungana kuwa Baraza la Watu wa Naga, na baraza hilo linapeleka wawakilishi kwenye kamati za madiwani, na huko hawaendi kusikiliza tu, wanajadili na wanapiga kura ndani ya kamati. Meya mwenye nguvu zote anakubali sheria inayompunguzia nguvu, fikiria hilo. Akaja pia na kitabu cha huduma kinachomwambia mwananchi huduma fulani ina hatua ngapi, inachukua muda gani na nani anahusika, kitu kama ule mkataba wa huduma kwa mteja tunaoujua, na 2007 sheria ya nchi ikazitaka ofisi zote za serikali Ufilipino ziwe na mkataba wa namna hiyo.

Sasa ndala zinaingia wapi? Jamaa kweli alizunguka mjini na kaptula na ndala, na mafuriko yakipita alishika beleshi akazoa tope na watu. Ila mtu akivaa ndala wiki ya kampeni na ofisini bado anaajiri wapwa zake, Mfilipino anayejua maana ya neno hatamwita hivyo.

Mihula mitatu ilipoisha 1998 alipisha, hakumpachika mke wala mtoto, akaenda kusoma Harvard. 2000 akapewa tuzo ya Ramon Magsaysay, ile wanayoiita Nobeli ya Asia, 2001 watu wa Naga wakamrudisha akakaa mpaka 2010, ndipo Rais Benigno Aquino wa tatu akamteua waziri wa mambo ya ndani na serikali za mitaa. Jumamosi tarehe 18 Agosti 2012 alikuwa anarudi nyumbani Naga akitokea Cebu kwa ndege ndogo, injini ikasumbua, ikaanguka baharini karibu na kisiwa cha Masbate. Msaidizi wake alinusurika, yeye mwili wake ulipatikana baada ya siku tatu. Baada ya hapo ndipo neno tsinelas likasambaa nchi nzima.

Mkewe Leni, mwanasheria, aliingia kwenye siasa za kugombea baada ya msiba huo, akawa mbunge 2013, makamu wa rais 2016, akashindwa urais 2022, na 2025 watu wa Naga wakamchagua kuwa meya, kwenye kiti kile kile. Na tarehe 18 Agosti kwa sheria ni Siku ya Jesse Robredo nchi nzima, lakini watu hawabaki nyumbani, wanaenda kazini kama kawaida.