Je, daktari anaweza kuisoma saa ya kifo kwenye maiti?

Kitabu chenyewe nilikinunua Mwanjelwa, Mbeya, kwenye turubai la muuza vitabu vya mtumba, jalada la nyuma likiwa limeshang'oka. Ilikuwa riwaya ya upelelezi ya Kiingereza, ya aina ile ambayo shujaa wake si askari bali daktari mchunguza maiti. Kurasa chache tu baada ya mwanzo, daktari anapiga goti kando ya marehemu, anamgusa shingoni, anatupia jicho dirishani, kisha anatamka bila kusita: amekufa saa nne na dakika arobaini usiku. (Kitabu kilisema saa kumi, lakini msomaji wa Kiswahili ameshazoea kuhamisha saa sita kabla hata muuaji hajajulikana.)

Nikaamini, na nikaendelea kuamini kwa miaka. Kila niliposikia kwenye taarifa ya habari kwamba mwili umekutwa mahali fulani na unasubiri uchunguzi wa daktari, nilijua kichwani mwangu kwamba bahasha itakayotoka mochwari ina saa na dakika, kama tiketi ya basi. Mshukiwa angesema wakati huo alikuwa kilabuni, na daktari angemuumbua.

Aliyenizindua ni shangazi yangu wa Uyole, muuguzi mstaafu. Jioni moja ya Julai, ile baridi inayofanya watu waoge kwa mapatano, nilikuwa namsimulia ile riwaya jikoni kwake. Alinisikiliza mpaka nikafika kwenye saa nne na dakika arobaini, akacheka. "Mwanangu, huyo daktari alikuwepo wakati anauawa?" Kisha akaniwekea sahani ya viazi vya kuchemsha.

Viazi hivyo ndivyo vinavyoeleza jambo hili vizuri kuliko riwaya. Nilichukua kimoja kikubwa, ganda lake limeshapoa kabisa, nikauma. Ulimi uliungua. Nje baridi, ndani moto. Mwili wa binadamu aliyekufa nao hupoa hivyo hivyo. Joto la katikati, ambalo kwa mtu mzima mwenye afya ni kama nyuzi 37, halina njia ya kutoka ila kupitia nyama, mafuta na ngozi, tabaka moja baada ya jingine. Kwa hiyo muda wa kwanza baada ya kifo, pengine nusu saa, pengine saa kadhaa, kipimajoto kinachowekwa ndani kupitia njia ya haja kubwa hakionyeshi mabadiliko ya maana. Ngozi imeshaanza kupoa, lakini kule ndani habari hazijafika. Daktari Harry Rainy wa Glasgow alishaliandika hilo mwaka 1868, na mkono uliogusa shingo hauwezi kujua joto la ndani.

Baada ya hapo joto huanza kushuka, na hapa tuhamie kwenye chai. Kikombe cha chai ya moto hupoteza joto haraka mwanzoni, kisha kadiri kinavyokaribia ubaridi wa chumba ndivyo mwendo unavyopungua. Tofauti kati ya chai na hewa ndiyo inayosukuma. Ikiisha tofauti, hakuna cha kusukuma. Wanafunzi wa udaktari hufundishwa kanuni ya mkato kwamba mwili hupoteza takriban nyuzi 0.8 kwa saa. Ni kanuni nzuri kwa mtihani. Ipeleke Kyela mchana wa jua kali, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, ambako hewa yenyewe inaweza kupita nyuzi 30: maiti haina pa kupeleka joto lake, na kipimajoto kitashuka kwa kusuasua. Ipeleke Makete usiku wa Juni, umande unapoganda juu ya majani ya viazi, na mwili huohuo utapoa kwa kasi nyingine kabisa. Kati ya sehemu hizo mbili ni safari ya siku moja. Daktari mmoja akitumia namba moja kwa zote mbili atakuwa amemkosea mtu, sehemu moja au zote.

Tufanye hesabu, maana bila namba jambo hili linabaki hadithi. Mwili umekutwa chumbani, ndani una nyuzi 31. Kutoka 37 umeshuka nyuzi 6. Gawa kwa 0.8, unapata saa saba na nusu. Safi. Sasa shangazi akauliza swali la kiuuguzi: kama marehemu alikuwa na malaria? Mtu mwenye homa huanza safari ya kupoa kutoka juu zaidi, tuseme nyuzi 39.5. Umeshuka 8.5; gawa, unapata saa kumi na nusu na ushee. Saa tatu nzima zimetokana na homa ambayo hakuna aliyeipima. Ongeza hapo blanketi, koti la mtumba, mwili mnene au mwembamba, dirisha lililoachwa wazi, sakafu ya saruji, maji. Tena daktari akifika asubuhi jua limeshapanda, joto la chumba analolipima silo lililokuwepo usiku.

Wataalamu hawakukata tamaa. Mwaka 1988 Mjerumani Claus Henssge alichapisha chati inayounganisha joto la mwili, joto la mazingira, uzito wa marehemu na marekebisho ya nguo, upepo na maji. Ndiyo bado inayotumika sana. Ila hata mambo yote yakienda sawa, chati hiyo hukupa jibu lenye nafasi ya saa 2.8 mbele na saa 2.8 nyuma, kwa uhakika wa mara 95 kati ya 100. Jumla ni zaidi ya saa tano na nusu. Kwa muda huo mtu anapanda basi Mbeya, anashuka Makambako, anakunywa chai, na anakuwa tayari yuko njiani kurudi. Na huyo ndiye mshukiwa ambaye daktari wa riwaya alimbana kwa saa na dakika kamili!

Dalili nyingine zina kasoro za namna hiyo. Kukakamaa kwa viungo huanza kuonekana saa mbili hadi nne baada ya kifo, huenea mwili mzima kufikia kama saa kumi na mbili, kisha huachia. Baridi huchelewesha, joto huharakisha. Damu hushuka upande uliolalia chini na kuacha madoa, ambayo yanasema zaidi kuhusu mwili ulilalaje kuliko ulilala tangu lini.

Tumbo nalo limewaponza watu. Mwaka 1959 huko Ontario, Kanada, kijana wa miaka 14, Steven Truscott, alihukumiwa kunyongwa, na nguzo mojawapo ya kesi ilikuwa daktari aliyeangalia chakula tumboni mwa msichana aliyeuawa akasema alikufa kati ya saa 1:00 na 1:45 usiku. Dakika arobaini na tano tu! Hukumu ya kunyongwa ilibadilishwa kuwa kifungo, na mwaka 2007 mahakama ya rufaa ikamfutia hatia. Chakula hakina ratiba tumboni. Hofu peke yake inaweza kukisimamisha.

Sasa daktari ana kazi gani? Kubwa tu: aliuawa au alianguka, jeraha lipi lilitangulia, maji ya mapafuni yanasemaje. Saa ya kifo ikijulikana vizuri, mara nyingi imetoka kwa jirani aliyemwona akichota maji, au kwenye simu ya mwisho iliyopokelewa. Daktari anaangalia tu kama maiti inakubaliana nao au inawakatalia.

Ile riwaya bado ninayo, na kusema kweli bado ninaipenda. Pembeni ya ukurasa ule wa saa nne na dakika arobaini nimeandika kwa penseli: "Alikuwa amevaa nini? Dirisha lilikuwa wazi?" Shangazi aliazima kitabu mwezi uliopita. Kimerudi na mstari mmoja chini ya wangu, kwa mwandiko wa fomu za wodini: "Joto la chumba halikupimwa."