Je, wajua kwa nini sanamaki haimng'arishi mwali uso?

Wiki mbili kabla ya harusi, mwali wetu alikuwa ndani, Ngamiani hapa Tanga, amekaa mkekani na mashavu yamejaa chunusi. Ni mtoto wa dada yangu, ana miaka 22. Somo yake akaingia na bakuli la singo mkono mmoja, mkono wa pili kikaratasi cha majani ya sanamaki, ile dawa ya kuendesha tumbo. Singo ya kumsugua nje, sanamaki ya kumsafisha ndani.

"Tumbo lako chafu, mwanangu," alimwambia. "Uchafu ukikosa njia ya chini hutokea usoni."

Mwali akanywa siku tatu mfululizo. Siku ya nne hakuweza kusimama bila kushika ukuta, midomo imemkauka, na chunusi zote ziko palepale. Ndipo akaniuliza, kwa kuwa mimi nafundisha bayolojia: "Mama mdogo, hivi tumbo na uso vina uhusiano kweli, au tunadanganyana tu?"

Vina uhusiano. Wazee wa pwani hawakukosea walipoliangalia tumbo ili waujue uso. Walipokosea ni namna ya kulitibu, na kosa hilo ndilo lililomlaza mtoto wetu.

Tuanze na chunusi yenyewe. Kila kinyweleo usoni kina tezi ndogo inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Mtu akibalehe, homoni huiamuru tezi hiyo itoe mafuta zaidi. Mafuta yakishikana na seli za ngozi zilizokufa, tundu linaziba. Ndani ya tundu huishi bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye kwa kawaida yupo kwenye ngozi ya mwenye chunusi na asiye nazo. Tundu likishaziba, bakteria huzaliana, kinga ya mwili inakuja juu, pale mahali panavimba, panauma, pengine panatunga usaha, na pakipona panabaki doa jeusi. Katika safari yote hiyo hakuna mahali kinyesi kimepita. Hakuna mrija unaotoka utumboni kwenda shavuni. Na damu ina wasafishaji wake, ini na figo, wanaofanya kazi usiku na mchana bila kungoja majani ya mtu.

Basi tumbo linaingilia wapi?

Njia yenye ushahidi mzito zaidi ni ile ya sukari. Ukinywa chai yenye vijiko vinne vya sukari na maandazi matatu, vyakula hivyo husagika upesi, na sukari hupanda kwenye damu kwa kasi. Kongosho hujibu kwa kumwaga insulini nyingi. Insulini ikizidi huinua homoni nyingine, ikiwemo ile ya ukuaji inayofanana nayo, na hizo ndizo zinazoziamuru tezi za usoni zitoe mafuta na seli za kinyweleo ziongezeke. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu vijana 43 wa kiume wenye chunusi. Baadhi yao walikula kwa wiki 12 vyakula visivyopandisha sukari kwa kasi, wengine wakaendelea na mlo wa kawaida. Wale wa kundi la kwanza walipungukiwa chunusi zaidi.

Lakini utafiti ninaoupenda kuliko wote ni wa mwaka 2002, kwa sababu kila nikiusoma naiona Tanga ndani yake. Watu 1,200 wa kisiwa cha Kitava, huko Papua New Guinea, walikaguliwa nyuso zao, na kati yao walikuwemo vijana 300 wa umri uleule ambao chunusi hutamba. Hakupatikana hata mmoja mwenye chunusi. Hata mmoja! Huenda maumbile ya ukoo wao yalichangia, na watafiti walilitambua hilo. Ila tazama walichokuwa wakila: viazi vikuu, viazi vitamu, magimbi, matunda, samaki na nazi. Ingia soko la Mgandini asubuhi uone kama kuna kitu hapo tumekosa. Huo ndio uliokuwa mlo wa bibi zetu kabla ya soda na mkate mweupe kuhamia mezani. Tena sehemu yake kubwa ni wanga, wala watu wa Kitava hawakuwa wakijinyima. Walikula chakula kizima, na chakula kizima husagika taratibu.

Njia ya pili ni ya wale wakazi wa tumboni. Utumbo mpana una bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli zote za mwili wako, pengine ikazidi kidogo. Kazi yao kubwa ni kula tusichoweza kusaga sisi, yaani nyuzinyuzi za kunde, mchicha, kisamvu na matunda. Wakishakula hutoa asidi, mojawapo huitwa butireti, na hiyo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Ukuta huo una safu moja tu ya seli. Upande mmoja wapo bakteria, upande wa pili ipo damu na askari wengi wa kinga. Ukuta ukiwa na njaa unaweza kulegea, vipande vya bakteria hupenya, kinga inachachamaa, na mwili uliochachamaa huvimbisha mambo kwa urahisi, ngozi nayo ikiwemo.

Wazo hili si geni. Mwaka 1930 madaktari wawili wa ngozi wa Marekani, John Stokes na Donald Pillsbury, waliandika kwamba wasiwasi na huzuni hubadilisha bakteria wa utumbo, na mabadiliko hayo hujitokeza kwenye ngozi. Walishauri hata maziwa yaliyochachushwa. Kwa upande wa chunusi, majaribio ya bakteria wa kumeza hadi leo ni madogo madogo; yanatia moyo, ila anayekuuzia kopo la vidonge akikuahidi uso mpya kwa wiki mbili anakuibia. Kuna ugonjwa mmoja ambao ushahidi wake hauna ubishi: wapo watu ambao utumbo wao haupatani na gluteni, protini ya ngano. Baadhi yao hutokwa na malengelenge yanayowasha mno viwikoni na magotini. Wakiacha gluteni, taratibu upele hukoma, bila kubadili sabuni.

Sasa turudi kwenye kikaratasi cha somo, maana hapa pana jambo linalonistaajabisha kila mwaka nikilifundisha. Dawa iliyomo kwenye jani la sanamaki hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kufanya kitu. Ikifika utumbo mpana, bakteria huivunja na kuigeuza kuwa dawa kamili, na hapo ndipo utumbo hujikaza na kuachia maji. Yaani wale wale ambao somo anataka kuwafagia ndio wanaoiwasha dawa yake! Kisha yanatoka maji, inatoka chumvi, yanatoka madini ya potasiamu ambayo misuli na moyo vinayahitaji, na bakteria nao wanasombwa. Tezi za usoni hazina habari. Kwa aliyefunga choo, sanamaki ni dawa nzuri ya siku moja mbili. Kwa chunusi, inamchosha mtu bure.

Nilimwandalia mwali maji ya chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji, nikamkalisha na somo wake, nikawaeleza haya yote. Somo alisikiliza kwa makini. Akauliza kuhusu togwa, kama nayo ni uchafu kwa vile imechachuka. Nilifurahi kumjibu, kwa sababu miaka ya 1990 hapahapa Tanzania watafiti waliwapa watoto wadogo togwa, wakakuta bakteria wa kuharisha wamepungua kwenye kinyesi chao. Hilo ni la tumbo, sikumdanganya kwamba ni la uso. Ila togwa isiyojazwa sukari inamfaa mwali kuliko soda.

Nikamwomba pia jambo moja kwa msisitizo: asikubali mtu alete mkorogo. Krimu nyingi za mkorogo zina steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe. Siku chache za mwanzo uso hutulia, hung'aa, watu husifu. Ukiacha tu, chunusi hurudi kwa hasira, na ngozi imeshakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Mwenye chunusi kubwa zinazoacha makovu aende kwa daktari wa ngozi, dawa zipo na zinafanya kazi.

Mwali alitaka kujua kama akianza leo magimbi na kunde atakuwa safi siku ya harusi. Ilibidi nimwambie ukweli. Chunusi unayoiona leo ilianza kuziba chini ya ngozi wiki kadhaa zilizopita, ndiyo maana wale vijana wa Australia walihitaji wiki 12. Aliingia ukumbini na chunusi zake chini ya poda, akapendeza sana.

Baada ya harusi somo alinifuata uani. "Kwa hiyo mwali mwingine nimwanzie lini?"

"Miezi mitatu kabla, bibi."

Akahesabu kwa vidole hadi Mfunguo Sita, akasema basi yule wa Makorora inabidi aachishwe chai ya sukari wiki hii hii.