Kwa nini chuo kikuu huanza kubadili taa za korido kabla ya ukumbi wa mihadhara?

Ukumbi mkubwa wa mihadhara ndio unaoonekana, na ndio wageni hupelekwa kuuona. Lakini mhandisi anayeijua kazi yake, akipewa fedha za kuweka taa za LED chuoni, ataanza na korido, ngazi na taa za nje. Anachoangalia ni saa ambazo taa inawaka.

Bili ya umeme huhesabu wati mara saa. Korido ya bweni isiyo na dirisha huwaka usiku na mchana, muhula na likizo: saa 8,760 kwa mwaka. Ukumbi ukitumika saa 6 kwa siku, siku 150 kwa mwaka, taa zake huwaka saa 900 tu. Sasa toa tyubu ya futi 4 ya wati 32, weka LED ya wati 15. Ukumbini utaokoa takriban kilowati-saa 15 kwa mwaka. Koridoni, karibu 149. Taa ni ileile na bei ni ileile, tena ukumbini fundi atahitaji jukwaa kuifikia dari.

LED inapunguzaje wati hivyo? Ndani ya tyubu, umeme husisimua mvuke wa zebaki, mvuke hutoa miale ya urujuanimno, kisha unga uliopakwa kwenye kioo huigeuza miale hiyo kuwa mwanga. Kila hatua ina hasara yake, na sehemu kubwa ya mwanga huelekea juu, kwenye kifuniko cha taa. LED hutoa mwanga moja kwa moja kutoka kwenye kipande kidogo cha semikondakta, na huuelekeza chini panapohitajika. LED nyekundu ya mhandisi Mmarekani Nick Holonyak ilipatikana mwaka 1962, lakini mwanga mweupe ulingoja LED ya buluu yenye nguvu. Kazi ya kuiunda LED hiyo ya buluu iliwapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Faida ninayoipenda zaidi, na ambayo vyuo vingi huiacha mezani, ni sensa, kifaa kinachotambua kama kuna mtu na kuwasha au kuzima taa. Tyubu huchakaa kila inapowashwa, kwa hiyo kuizima na kuiwasha mara kwa mara huifupishia maisha. LED haidhuriki hivyo. Ngazi zinaweza kufifia hadi sehemu ndogo ya mwanga saa tisa usiku, kisha zikang'aa mtu anapokanyaga kidato cha kwanza. Zisizimike kabisa, maana mtu anaweza kuanguka. Maktabani kuna tatizo jingine: sensa nyingi hutambua joto la mwili linaposogea, na msomaji aliyezama kitabuni hasogei. Ukiweka muda mfupi wa kuzima, utamwacha gizani katikati ya ukurasa. Vyooni nako kuta za kila chumba humficha mtu, ndiyo maana huko hufungwa sensa ya mawimbi ya sauti.

Jihadharini na njia ya mkato. Zipo tyubu za LED zinazochomekwa kwenye holda za zamani bila kugusa nyaya. Kazi huisha haraka, lakini choki ya zamani, kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye tyubu, inabaki ikila umeme, na siku ikifa, taa huzimika ilhali LED ni nzima. Ni afadhali kuiondoa choki. Kazi hiyo ni ya fundi umeme, kwa kuwa sasa umeme wa ukutani unafika moja kwa moja kwenye holda. Naye abandike lebo, mtu asije akarudisha tyubu ya zamani.

Tyubu zinazotolewa zina zebaki. Mwaka 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, zilikubaliana kukomesha kutengeneza tyubu hizi, kuziingiza na kuziuza nje ya nchi ifikapo 2027, lakini zilizomo darini bado zipo. Zihifadhiwe nzima kwenye maboksi na kukabidhiwa kwa wanaoshughulikia taka hatari. Moja ikivunjika, watu watoke, madirisha yafunguliwe, na vipande viokotwe kwa karatasi ngumu, si kwa ufagio wala mashine ya kufyonza vumbi.