Kiwanja cha mpira si parseli

Anayetaka kumeza kiwanja cha watu haanzi na nyumba. Anaanza na lori moja la mchanga, linamwagwa jioni pembeni ya goli. Baadaye matofali ya kuchoma yanapangwa, halafu vigingi vinne na kamba. Watoto wanasogeza goli kidogo, wanaendelea kucheza. Mvua zikiisha kuna msingi, na kuna mtu mwenye karatasi mkononi.

Karatasi hiyo ndiyo tunayoletewa kila mara ofisini kwetu, kwenye mipango ya miji. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya Leta, yaani serikali, na ule uliowekwa kwa matumizi ya watu wote hauuzwi mpaka uondolewe rasmi katika matumizi hayo. Fishi ya parseli, yaani ile karatasi ya kiwanja cha nyumba yenye muhuri wa kartie (mtaa), haigeuzi neno hilo.

Huko Boulder, katika jimbo la Colorado, Marekani, wapiga kura walikubali mwaka 1967 kulipa kodi ya mauzo ya senti 40 kwa kila dola 100, ili mji ununue mashamba na vilima kabla nyumba hazijavifikia. Leo unatunza zaidi ya hekta 18,000. Kwao ardhi ilikuwa ya watu binafsi, ikabidi inunuliwe. Yetu ni ya Leta tayari, basi tunadhani haidai falanga. Inadai: mpima, mawe ya mpaka, ua wa miti, mtu wa kufyeka. Annexe, komini (wilaya ya mji) inayouzunguka mji wetu wa Lubumbashi, inajaa nyumba kila mwaka, na mahali pasipo jiwe la mpaka huonekana hapana mwenyewe. Tena sehemu kubwa ya maji yetu hutoka chini ya ardhi. Bonde likifunikwa saruji, mvua haizami, inakimbilia nyumbani kwa jirani.

(Uwazi wenyewe si lazima uwe mwema. Wakoloni waliacha eneo tupu kati ya mji wa Wazungu na Kamalondo, mtaa wa Waafrika, kisingizio kikiwa mbu wa malaria.)

Falanga zitoke wapi? Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inazipa komini na miji bajeti yao, pamoja na asilimia 40 ya fungu ambalo jimbo hupata katika mapato ya taifa. Sitawadanganya: fungu hilo huchelewa, na mara nyingi halifiki lote. Lakini kiwanja kisichoandikwa kwenye bajeti hakipati kitu hata siku linapofika. Linaishia kwenye mishahara na esanse (petroli).

Mkienda kwa bugumestre, mkuu wa komini, bebeni picha ya kiwanja na majina ya avenyu zinazokizunguka, mumwulize namba yake kwenye kadastre, daftari la Leta la ardhi iliyopimwa. Kama hakina namba, msiombe goli jipya wala taa. Ombeni mpima.