Malisho ya kijani, mifupa laini

Limuru, mvua ikikolea, nyasi za kikuyu hufunika ardhi kama zulia, na mwenye farasi huona kazi imekwisha. Farasi kashiba, anadai nini tena? Anadai kalsiamu.

"Ng'ombe wanazila nyasi hizo hizo na maziwa wanatoa. Farasi zitamdhuru vipi?" Swali ni la haki, na jibu limo tumboni. Nyasi za kikuyu zina oksaleti, ambayo huishika kalsiamu isifyonzwe. Tumbo la kwanza la ng'ombe lina vijidudu vinavyoivunja oksaleti mapema. Vya farasi viko nyuma, kwenye utumbo mpana, ilhali kalsiamu hufyonzwa zaidi kwenye utumbo mwembamba. Vikija kuifungua, mahali pake pameshapitwa. Damu haiwezi kukaa bila kalsiamu, kwa hiyo mwili huichota mifupani. Baada ya miezi kadhaa farasi anakuwa mzito wa mwendo, leo anachechemea mguu huu, kesho ule, kisha mifupa ya uso inavimba pande zote mbili. Ndio ugonjwa wa kichwa kikubwa. Majike wanaonyonyesha na watoto wanaokua hutangulia kupatwa. Nyasi nyingine, seteria ya Nandi, ina oksaleti nyingi hata kuliko kikuyu, na nyasi hizi za kwetu zilipopandwa Australia kwa ajili ya ng'ombe, wenye farasi wa huko nao waliyaona haya.

"Basi mwongezee pumba za ngano apate nguvu." Huko ni kumpiga chura teke. Pumba hizo zina fosforasi takriban mara 10 ya kalsiamu, wakati mlo wa farasi unataka kalsiamu isizidiwe kamwe na fosforasi, na afadhali ikaribie mara 2 yake. Mpe lusena, nyasi kavu za boma Rhodes, na chokaa ya kulishia mifugo iliyochanganywa kwenye chakula. Chokaa ya kupakia ukuta inaunguza, saisi wako aambiwe hilo waziwazi. Jiwe la kulamba pekee halitoshi. Farasi hulamba akitaka chumvi, hapimi kalsiamu.

Kwa madaktari wa mifugo, dhana inayopoteza muda ni hii: "Damu tumepima, kalsiamu iko sawa." Iko sawa kwa kuwa mifupa ndiyo inayolipa deni. Mkojo hueleza zaidi, kwani fosforasi hutoka kwa wingi na kalsiamu kidogo. Eksirei nayo huchelewa: mfupa hupoteza karibu asilimia 30 ya madini yake kabla picha haijaonyesha kitu. Mimi ningeanza kwa kuuliza anakula nini, na kukagua malisho kwa miguu yangu.

Chakula cha dukani cha ng'ombe au kuku? Usithubutu kabla ya kusoma lebo. Vingine vimetiwa monensini, dawa inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo hao, na kiasi ambacho ng'ombe hakihisi huharibu moyo wa farasi. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo hakuna.

Halafu kuna wanaomfukuza ng'ombe malishoni kabisa, eti ataleta minyoo. Hapa ng'ombe ni rafiki. Farasi haigusi nyasi iliyo karibu na mavi yake, ng'ombe huila, na karibu minyoo yote ya farasi anayoimeza hufia ndani yake. Mpitishe ng'ombe malishoni baada ya farasi, na mavi yaokotwe mara 2 kwa wiki.